Dondoo Muhimu: Kutumia Tena Miunganisho ya Wito wa Mbali

Programu ya malipo katika maduka ya mitaa ya Umoja au Buruburu huchelewa inapofungua upya, kwa kila mauzo, muunganisho wa wito wa mbali, yaani njia ambayo kwayo programu huiagiza seva itekeleze kazi.

1. Unda chaneli ya gRPC, mfumo wa wito wa mbali uliotolewa na Google mwaka 2015, mara moja tu programu inapoanza, kwani kuiunda ndani ya kila ombi hurudia makubaliano ya usalama ya TLS.
2. Wekea kila wito ukomo wa muda.
3. Stima ikipotea na ruta ikazimika, muunganisho uliokufa huonekana hai. Ili kuugundua, tuma ishara za uhai kwa vipindi ambavyo seva inaviruhusu.
4. Usirudie ombi la malipo bila namba ya kipekee ya muamala, maana mteja aweza kukatwa pesa mara mbili.