SOMO: MAANDALIZI YA HESABU KWA WAENDAO KUSOMEA UHANDISI WA UMEME

Watumishi wa umma na wananchi wa Mkwajuni, wilayani Songwe, wenye vijana waliomaliza kidato cha sita na wanaokusudia kusomea uhandisi wa umeme, wanakumbushwa kuwa miezi ya kusubiri chuo si ya kuweka daftari la hesabu kando. Mtihani wa taifa hufanyika mwezi Mei, na masomo ya vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, huanza karibu na mwisho wa mwaka. Katika muda huo kijana husahau, ilhali mhadhiri huanza akiamini kuwa anakumbuka.

Kijana asikimbilie mada mpya. Aimarishe kwanza aljebra, trigonometria, namba changamano na kalkulasi alizokwisha kufundishwa.

Mfano: mota ya pampu ya maji hutumia volti 230 na ampea 10. Zao lake ni volti-ampea 2,300. Lakini katika mota mkondo huchelewa nyuma ya volti. Ikiwa kosaini ya pembe ya uchelewaji huo ni 0.8, nguvu ifanyayo kazi ni wati 1,840 tu. Saini ya pembe hiyo ni 0.6, kwa hiyo sehemu ya 1,380 huenda na kurudi katika nyaya bila kusukuma maji. Kanuni ya Pythagoras huthibitisha: vipeo vya pili vya 1,840 na 1,380 vikijumlishwa hutoa kipeo cha pili cha 2,300. Mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu akinunua jenereta kwa kuhesabu wati peke yake, itazidiwa.

Mwaka 1893, nchini Marekani, mhandisi Charles Proteus Steinmetz alionyesha kuwa namba changamano hurahisisha hesabu za namna hii. Wahandisi huandika j badala ya i, kwa kuwa i huwakilisha mkondo.

Saa moja kwa siku yatosha: maswali matano kwa mkono, ndipo kikokotoo kitumike kuhakiki. Aliye katika Jeshi la Kujenga Taifa aanze mara arejeapo. Wazazi wanaombwa kuilinda saa hiyo, hata kazi za shamba au machimbo zinapobana, kwani kurudia mwaka chuoni ni gharama kubwa zaidi.