Mtoto Aliyeangushwa

Somo: 2 Samweli 4:4, 9:1–13

Mefiboshethi alikuwa na miaka 5 habari ya kifo cha baba yake Yonathani na babu yake Sauli ilipofika. Yaya akambeba, akakimbia. Katika zile mbio mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Aliyemwangusha hakuwa adui. Ni mtu aliyetaka kumwokoa, ila naye alikuwa na hofu.

Hapa Migori na Homa Bay mbio hizo tunazijua. Mwanzoni mwa 2008 watu wetu walirudi kutoka Naivasha na Nakuru na watoto mgongoni. Aliyekuwa na miaka 5 wakati ule, leo ni mzazi. Wengine hawakukimbia vita: baba alienda ziwani usiku asirudi, au shimo la dhahabu kule Macalder likamfunika. Tukazika, tukala, tukaenda zetu.

Lakini kiwewe kilibaki nyumbani. Mume anashtuka usiku, asubuhi anafokea kila mtu, nasi tunasema ana roho ya hasira. Mtoto wa darasa la 6 anakojoa kitandani, tunamchapa. Mke anadhani amechukiwa, kumbe mwenzake bado anakimbia.

Mefiboshethi naye aliishia Lo-debari, kwa watu, akijiona kama mbwa mfu. Daudi hakumkemea kwa imani haba. Alituma aletwe, akamrudishia shamba la Sauli, akampa watu wa kulilima, akamketisha mezani pake siku zote. Na mstari wa 13 unasema bado alikuwa kiwete. (Sisi wahubiri huuruka huo.)

Basi maombi yaendelee, na milango iliyopo tuitumie. Mshauri nasaha wa hospitali hashindani na mchungaji. Mtoto akiumizwa, piga 116, ni bure. Dhuluma ya kijinsia, 1195, bure pia. Afisa wa watoto yuko kwenye kaunti ndogo. Na dada anayepigwa tusimwambie arudi akavumilie akiomba. Kwanza awe mahali salama.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii: ni nani katika boma lenu hajawahi kuulizwa siku ile ilikuwaje? Msimlazimishe kusimulia. Mkaribishe chakula, keti naye, na wiki ijayo umwite tena.