Hina kwa Nywele Kavu

Chukua unywele wako mmoja. Ushike ncha zote mbili, uvute polepole. Unywele wenye afya huvutika kidogo kabla ya kukatika. Unywele mkavu hukatika mara moja.

Kwa nini nywele hukauka? Jua kali na maji ya chumvi hukausha nywele. Wanawake wanaolima mwani pwani ya mashariki ya Unguja wanalijua jambo hili. Sabuni ya kufulia huondoa mafuta ya nywele. Kitana cha moto huziunguza. Tena baadhi ya dawa za kunyoosha nywele zina kostiki soda, ile ile inayotumika kutengeneza sabuni.

Unywele uliokwisha kuota hauna uhai. Ndiyo maana ukikatwa husikii maumivu. Kwa hiyo unywele uliopasuka nchani hauponi, hata kwa hina. Mtu akikuambia hina yake inaponya, anataka fedha zako tu. Ncha zilizopasuka zikate. Kazi ya hina ni kushikamana na unywele na kuufunika. Unywele huonekana mnene zaidi na hung'aa.

Huna haja ya kununua hina mjini. Mhina huota vizuri katika joto na huvumilia ukame. Panda kipande cha tawi lake wakati wa mvua. Katika miji na vijiji vingi vya pwani, mhina hupandwa uani, na majani yake hutumika kumpamba bibi harusi mikono na miguu.

Chuma majani, uyaanike kivulini. Yakikauka, yatwange katika kinu, kisha uchekeche kwa kitambaa chepesi. Unga mzuri ni laini, una rangi ya kijani, na hunuka kama majani makavu.

Tia vikombe viwili vya unga katika bakuli la udongo au la plastiki. Kamulia ndimu moja. Ongeza maji ya vuguvugu kidogo kidogo, huku ukikoroga, mpaka upate uji mzito. Funika, uache kwa saa chache. Utajuaje kwamba iko tayari? Paka tone dogo kiganjani, ungoje dakika tano, ulifute. Ukiona alama ya rangi ya chungwa, anza kazi.

Nywele ziwe safi. Jipake mafuta kwenye paji la uso na masikioni, ili ngozi isishike rangi. Vaa glovu. Usipovaa, viganja vitakuwa vyekundu kwa siku nyingi, na majirani watauliza harusi ni ya nani! Gawa nywele mafungu, upake kila fungu tangu shinani hadi nchani. Funga kichwa kwa kitambaa kuukuu. Kaa saa mbili hadi nne, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe.

Hina ikikaa peke yake inaweza kukausha nywele. Watu wengi husahau hapa, halafu huilaumu hina. Ukishasuuza, paka mafuta ya nazi mara moja. Usirudie kabla ya mwezi mmoja kupita.

Usitazamie rangi moja kwa watu wote. Mvi huwa za rangi ya chungwa, kisha hukolea kwa siku moja au mbili. Nywele nyeusi hubaki nyeusi, ila juani huonyesha wekundu. Rangi hii haitoki kwa kuoshwa. Nywele hukua kama sentimeta moja kwa mwezi, kwa hiyo usipoipenda utangoja muda mrefu. Basi jaribu kwanza kwenye kishungi kidogo cha nyuma, hasa kama ulikwisha kutia dawa ya dukani.

Sasa sikiliza kwa makini. Hakuna mhina unaotoa rangi nyeusi peke yake. Unga mweusi unaoitwa hina nyeusi, na piko pia, mara nyingi hutiwa dawa kali ya kugeuza nywele kuwa nyeusi. Dawa hiyo huweza kuchoma ngozi, kutoa malengelenge na kuacha makovu. Mtu aliyedhurika nayo mara moja huweza kudhurika tena kila anapotia rangi nywele. Ukiwashwa au ukivimba, osha haraka kwa maji mengi, uende zahanati.

Mtoto mchanga asipakwe hina kabisa, hata ile safi. Wako watoto waliozaliwa na upungufu fulani katika damu, na wazazi hawaujui. Hina huweza kuvunja damu yao. Mtoto huwa wa manjano machoni na hulegea. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, ueleze kwamba alipakwa hina.

Maswali

1. Kwa nini majani hayaanikwi juani nyumbani kwenu, au huanikwa? Zungumzeni darasani.
2. Utatambuaje kwamba hina iko tayari kupakwa?
3. Jirani anataka kumpaka hina mtoto wa wiki mbili. Utamwambia nini?
4. Andika majina ya vitu vyote unavyohitaji. Vingapi viko nyumbani kwako tayari?