Dondoo muhimu: Kwenda Eliye Springs na tableti bila laptopu

Joto ndilo adui wa kwanza. Apple inashauri iPad itumike mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35 za Selsiasi, na mchana wa Lodwar, mji unaoanzia safari, hupita hapo mara nyingi. Ikipata moto sana, tableti hufifisha skrini au hukataa kuchaji. Fanyia kazi chini ya mikoma, ivue kava, uichaji usiku au alfajiri. Usiiache kamwe juu ya dashibodi ya gari.

Kwenye umeme, tableti inaishinda laptopu kwa mbali: chaja ya wati 20 huitosha, ilhali laptopu nyingi hutaka 45 hadi 65. Paneli ndogo ya sola na pawabenki vitakuvusha. Tena tableti haina feni ya kuvuta mchanga. Linda tundu la chaji tu.

Pakua nyaraka na ramani ukiwa Lodwar, kabla ya kushika barabara ya mchanga kuelekea Eliye Springs, kando ya Ziwa Turkana. Zima data, kisha fungua kila faili uhakikishe inafunguka.

Nunua kibodi ya Bluetooth. Ripoti ndefu haiandikiki kwa kugusa kioo.

Kwa masomo, tableti inafaa sana: mpango wa Instant Network Schools, ulioanzishwa 2013 na Vodafone Foundation pamoja na UNHCR, umezipeleka madarasani katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Lakini fomu ya kodi ya KRA ya Excel hutegemea makro, na Excel ya tableti haiziendeshi. Hiyo ijaze kwenye saiba Lodwar kabla hujaondoka.