Chanjo ya Homa ya Ini: Je, Ni Kuikimbia Kadari?



Baada ya darsa moja hapa chuoni niliwauliza wenzangu wa kamati ya janaza nani amekamilisha dozi tatu za chanjo ya homa ya ini aina ya B. Mikono iliyoinuka ilikuwa miwili, na wangu haukuwamo. Ndugu mmoja akasema: "Aliyeandikiwa ataugua tu."

Hoja hiyo ina jibu la zamani. Mwaka wa 18 Hijria Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa safarini kwenda Shamu. Alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni mbele. Akawashauri Muhajirina, kisha Answari, kisha wazee wa Kikureshi, akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa anatoka katika kadari moja kwenda kadari nyingine, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyefika penye bonde la majani na bonde kavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Kisha Abdulrahman bin Auf (r.a.) akaja na Hadithi iliyoafiki uamuzi huo.

Umar hakungoja kuugua. Wanaokubali tiba na kukataa kinga waikumbuke pia Hadithi ya tende saba za Ajwa, zinazoliwa asubuhi ili sumu na uchawi visidhuru siku hiyo. Sheikh Ibn Baz aliitolea dalili Hadithi hiyo katika kujuzisha chanjo.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Virusi hivi hukaa katika damu na majimaji ya mwili, na nje ya mwili huweza kuishi siku saba au zaidi. Mtu aweza kuwa navyo miaka mingi bila kuhisi lolote, huku ini likiharibika hadi kupata saratani. Mwaka 2022 viliua watu wapatao milioni 1.1 duniani.

Hapa Uganda chanjo hii iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2002, na mwaka 2015 serikali ikaanza kampeni ya watu wazima kutoka wilaya za kaskazini. Aliyezaliwa kabla ya 2002 asidhani alichanjwa utotoni.

Wanaotajwa kuwa hatarini zaidi ni wauguzi na wanafunzi wa udaktari. Kweli, lakini tujitazame na sisi. Anayeosha maiti hugusa damu na majimaji. Anayefanya hijama huchanja ngozi na kuvuta damu, na nimeona vikombe vikisuuzwa kwa maji tu kisha vikapewa mtu mwingine (Sunna haikutuamuru uchafu). Ngariba naye yumo, na kinyozi mwenye wembe mmoja kwa vichwa kumi. Glovu zivaliwe na wembe utupwe. Chanjo haiondoi wajibu huo.

Wengine huuliza uhalali wake. Chanjo inayotumika sana hutengenezwa kwa chembe za hamira, si kwa damu wala nguruwe. Na kuhusu Ramadhani, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliamua kwamba sindano isiyo ya lishe haifunguzi.

Tatizo letu kubwa, naona, ni kutomaliza. Dozi ya pili huja mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu mwezi wa sita. Katikati chuo kimefungwa na kadi imepotea. Aliyekatisha haanzi upya, huendelea alipoishia.

Pima kwanza. Ukikutwa navyo, chanjo haitakusaidia, ila kuna dawa za kuvidhibiti, na daktari ndiye atakayeamua kama unazihitaji sasa. Wala si sababu ya kuvunja posa: mchumba huambiwa ukweli, akapimwa, akachanjwa akamaliza dozi zake, ndoa ikafungwa. Sahani na jamvi la msikitini haviambukizi, basi asitengwe mtu.

Mimi nilichoma ya kwanza Jumatatu. Kamati ya janaza tunakwenda pamoja kwa ya pili, na orodha iko kwa katibu.