Goti jipya: mwambie daktari unataka kufanya nalo nini

Familia kadhaa zimetuuliza kuhusu upasuaji wa kubadilisha goti. Hapa Birmingham wagonjwa wengi wa mifupa hutumwa hospitali ya Royal Orthopaedic iliyoko Northfield, na huenda barua imeshafika nyumbani kwenu. Kukubali au kukataa upasuaji ni uamuzi wako pamoja na daktari wako, na somo hili haliuingilii. Linahusu jambo moja tu: unatazamia nini kutoka kwa goti hilo, na je, daktari anajua?

Goti hubadilishwaje?

Watu wengi hudhani goti zima hutolewa na kuwekwa jingine. Sivyo. Daktari hukata sehemu nyembamba ya mwisho wa mifupa, pale ilipolika, na kuifunika kwa chuma. Katikati huwekwa plastiki ngumu ili mifupa isisuguane. Misuli inabaki ni ile yako ya siku zote. Ndiyo maana mazoezi ni lazima: chuma hakitembei chenyewe.

Upasuaji huu ni wa kawaida sana. Uingereza hufanya karibu 100,000 kwa mwaka, na utafiti umeonyesha kuwa magoti 8 hivi kati ya 10 hudumu miaka 25.

Kwa nini wengine hawaridhiki?

Wengi hufurahi, lakini si wote. Mwaka 2010 watafiti wa Ontario, Canada, walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 1,700 waliobadilishwa goti. Karibu mmoja kati ya watano hakuridhika. Na sababu iliyojitokeza kwa nguvu kuliko zote ilikuwa hii: walichokitazamia hawakukipata. Kwa hiyo goti linaweza kuwekwa vizuri kabisa, picha ikaonyesha kila kitu kiko sawa, na mwenye goti akabaki na huzuni kwa sababu alitazamia jambo ambalo goti hilo haliwezi.

Kwetu sisi jambo hili ni zito zaidi. Magoti ya wazazi wetu yamelima milimani, yamebeba maji na kuni Nyarugusu na Kakuma. Tumezoea kukaa kwenye mkeka, kuchuchumaa jikoni, kupiga magoti kusali na kumsalimu mkubwa. Daktari wa hapa huenda hayajui hayo. Atauliza kama unaweza kupanda ngazi na kwenda dukani. Usipomwambia habari za mkeka, hataziwaza.

Goti jipya hufanya nini?

*Maumivu.* Hili ndilo kusudi kubwa. Kwa wengi maumivu hupungua sana. Kwa wengine hubaki kidogo.

*Kutembea.* Watu wengi husimama na kupiga hatua siku ileile au kesho yake, na hurudi nyumbani baada ya siku 1 hadi 3. Wengi huacha magongo baada ya wiki 6 hivi. Maumivu na uvimbe vinaweza kuchukua miezi 3 kutulia, na goti huendelea kupata nafuu kwa mwaka mzima au zaidi. Kwa hiyo usikate tamaa mwezi wa pili.

*Kukunja.* Goti jipya kwa kawaida hukunjwa hadi nyuzi 110 au 120 hivi. Hiyo inatosha kukaa kwenye kiti, kupanda basi na kupanda ngazi. Kuchuchumaa mpaka chini kunahitaji zaidi ya hapo, na wengi hawafikii.

*Kupiga magoti.* Wengi huona ni vigumu au wanaumia, hata kama goti limepona. Wengine huweza, wakiweka mto. Muulize daktari kabla ya kujaribu. Anayesali kwa kusujudu ajiandae kusali kwenye kiti, jambo ambalo mgonjwa anaruhusiwa.

*Ganzi na mlio.* Ngozi iliyo kando ya kovu inaweza kubaki na ganzi, na goti linaweza kutoa mlio kidogo ukitembea. Mara nyingi si ugonjwa.

Kuuliza hakukuondoi kwenye foleni

Sisi tuliokaa kambini tulijifunza kunyamaza. Uliogopa kwamba ukiuliza sana utaonekana msumbufu na jina lako litarudi nyuma. Basi daktari akisema, tunajibu "ndiyo", hata kama hatukuelewa. Hapa sheria iko tofauti. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua, katika kesi ya Montgomery, kwamba daktari lazima amweleze mgonjwa hatari zilizo muhimu kwake, na pia njia nyingine za matibabu zilizopo. Muhimu kwake, yaani kwa mtu mwenye maisha kama yako. Lakini daktari atajuaje maisha yako usipomsimulia?

Omba mkalimani mapema, unapopata barua. Ni haki yako na hulipi chochote. Usimtumie mtoto wako. Mtoto anaweza kuficha neno la kutisha ili asikuhuzunishe, au asilijue kabisa. Na wewe mwenyewe huenda ukaona aibu kueleza habari za chooni mbele yake.

Maswali ya kubeba kwenye karatasi

1. Kuna njia gani nyingine kabla ya upasuaji: mazoezi, kupunguza uzito, dawa, sindano?
2. Nataka kufanya mambo haya matatu (yataje). Yapi yatawezekana, yapi hayatawezekana?
3. Ni hatari gani zinanihusu mimi, kwa umri na magonjwa niliyo nayo?
4. Nani atanifundisha mazoezi, na nitayafanya mara ngapi kwa siku?
5. Nyumbani nina ngazi. Je, nitapewa vifaa vya kunisaidia bafuni na chooni?

Utapewa pia fomu ya maswali 12 kuhusu goti, kabla ya upasuaji na miezi kadhaa baadaye. Swali moja linauliza kama unaweza kupiga magoti na kuinuka tena. Jibu ukweli. Ukiandika "siumwi sana" kwa heshima, utaonekana huna shida.

Dalili za kutosubiri

Baada ya upasuaji, ukiona kidonda kinatoa usaha, wekundu unazidi, una homa, au shavu la mguu limevimba na linauma, piga simu hospitali au 111 siku hiyohiyo. Ukishindwa kupumua au kifua kikiuma ghafla, piga 999. Kwenye simu sema "Swahili" na usubiri mkalimani.

Kazi ya nyumbani

Wiki hii mzee wa nyumba akae na familia ataje mambo matatu anayotaka goti limruhusu kuyafanya: labda kutembea mpaka kanisani au msikitini, kulala usiku bila maumivu, kumbeba mjukuu. Yaandikeni. Karatasi hiyo ndiyo ya kumpa daktari. Mkihitaji msaada wa kuiandika kwa Kiingereza, au wa kupiga simu kuomba mkalimani, njooni ofisini na barua yenu ya hospitali.