Kanuni Ikinyamaza, Usijijibu Mwenyewe

Mdogo wangu wa Kihonda, Morogoro, pole kwa usingizi unaoukosa. Unasema Impreza yako ya zamani mnayoiandaa kwa mashindano ya rali imeshavuliwa kapeti na siti ya nyuma, fundi ana grainda mkononi, na sasa mnavutana na shemeji yako ambaye ndiye msoma ramani wako. Yeye anataka dashibodi, hita na makava ya milango ving'olewe vyote, maana kanuni haijavikataza. Wewe unaogopa msije mkarudishwa kwenye ukaguzi, ndugu na jamaa wote wakitazama. Kuwauliza waandaaji nako unaona haya, wasije wakakuona mshamba.

Hiyo haya itoe leo. Mkaguzi akiulizwa swali wiki kadhaa kabla, hujibu na kwenda zake kula. Anayemchosha ni yule anayekuja kumbishia asubuhi ya mashindano, gari limeshakatwa.

Sasa huyo shemeji. Hoja yake ni tamu na ingemfaa mahakamani, ila kwenye rali mambo yamegeuzwa. Kanuni za kiufundi za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, zile za Kiambatisho J, zinasema wazi kwamba badiliko lolote lisiloruhusiwa ndani yake limekatazwa. Kwa hiyo unapozisoma usitafute palipoandikwa "marufuku". Tafuta palipoandikwa "inaruhusiwa". Usipopaona, kitu kinabaki mahali kilipowekwa na kiwanda.

Chukua dashibodi inayowagombanisha. Kwa magari ya Kundi N, yaani magari ya kawaida ya kiwandani yenye mabadiliko machache, kundi ambalo Impreza nyingi za zamani zimeshindana ndani yake, kifungu cha 254 kinakuruhusu kutoa vifuniko vilivyo chini ya dashibodi ambavyo si sehemu yake. Unaruhusiwa pia kutoa ile sehemu ya konsoli ya katikati isiyobeba hita wala mita. Ruhusa inaishia hapo. Dashibodi yenyewe inabaki, na shemeji akinuna na anune.

Hita nayo msiiguse. Hivi nyinyi watu wa Morogoro mnaambiwaje umuhimu wa hita? Panda Mgeta wakati wa masika, watu wawili ndani wakihema, uone kioo cha mbele kinavyoziba kwa ukungu. Shemeji atakusomea kona ipi nawe huoni hata boneti?

Milango ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vyote. Kava la kiwandani linaweza kubadilishwa, lakini kwa kipimo: bati lisilopungua milimita 0.5, au nyuzi za kaboni milimita 1, au kitu kingine kigumu kisichoshika moto chenye milimita 2. Kuacha mlango uchi, vyuma vya kupandishia kioo vikichungulia, si jambo la kujadili. Na mlango wa kushoto, bwana, ni wa nani? Ni wa huyo huyo anayepiga kelele uvuliwe! Mkalishe kwenye siti, mfunge mkanda, kisha mwoneshe ncha za vyuma zilivyo karibu na nyonga yake. Nadhani mjadala utapungua.

Kuna dhana nyingine mmekubaliana nyote wawili bila kuichunguza, kwamba kila kilo mnayotoa ni ushindi. Magari haya yana uzito wa chini uliowekwa. Mkishuka chini yake mtaongezewa mzigo: vipande vigumu vinavyofungwa sakafuni kwa boliti, vikionekana, na wakaguzi wanavitia lakiri. Mtakuwa mmemlipa fundi kung'oa, halafu mkamlipa tena kurudishia vyuma.

Ukitaka kuelewa kwa nini wakaguzi ni wakali hivyo, kumbuka Safari Rally ya Afrika Mashariki ilivyoanza mwaka 1953, kwa magari ya kawaida ya kununuliwa dukani. Bert Shankland wa Dar es Salaam na msoma ramani wake Chris Rothwell waliposhinda mwaka 1966 na tena 1967, walikuwa na Peugeot 404, gari la familia ambalo watu walikuwa wakilipanda kama teksi. Utamu wa madaraja ya aina hii ni kwamba anayesimama kando ya barabara anaona gari kama la jirani yake likipita kwenye tope. Ukilivua mpaka likabaki gofu, umeua kilichomleta pale.

Lakini nakushuku kidogo, mdogo wangu. Nahisi hutaki wepesi tu. Unataka ukipita Msamvu watu waseme yule ni dereva wa rali. Hamu hiyo haina dhambi. Ila mkeo aliyeuliza watoto watakaa wapi siku ya kwenda kijijini Matombo, swali lake umelijibu kwa kicheko, na barua yako inaonesha halijaisha. Kaeni mwamue: hili ni gari la mashindano au la nyumbani? Likiwa la mashindano, mwambie mapema na panga usafiri mwingine. Likiwa la nyumbani, usikate chochote. Fungua boliti, andika lebo, tunza.

Kisha wewe na shemeji mwandike barua moja kwa mkaguzi mkuu wa mashindano yenu, mtaje daraja mnaloingia na kila kitu mnachotaka kutoa, na mwombe jibu la maandishi. Kanuni za ziada za mashindano yenyewe zinaweza kubana zaidi ya hizi nilizokutajia. Ipelekeni wiki hii, na fundi aambiwe asiwashe grainda mpaka jibu lirudi.